Chapa ya Rra Seipone

Kila Jumatano saa tatu asubuhi, Seipone Moalosi alikuwa anasimama mbele ya wazee wa kijiji cha Tsaudi, kitambaa kichwani na shuka begani kama kgotla, baraza lao, inavyomtaka mwanamke, na kuwasomea ng'ombe. Rangi, jike au dume, pembe, mkato wa sikio, chapa ya ubavuni. Walikuwa ng'ombe waliopotea, waliookotwa visimani na maporini wakaletwa kwenye zizi la halmashauri kumngoja mwenyewe. Kila mmoja alisomwa mara tatu, ndivyo kanuni inavyosema, kisha Seipone alinyamaza akitazama juu ya vichwa vya watu, akingoja mtu aseme "wangu." Akipatikana wa kusema hivyo, aliulizwa maswali na kuandikwa. Jumatano tatu zikipita kimya, ng'ombe alikwenda mnadani na shauri likaishia hapo.

Kazi hiyo ya ng'ombe waliopotea alikuwa ameifanya miaka kumi na moja. Kabla yake alikuwa amefanya zile nyingine zote ambazo halmashauri ya kijijini humpa mtu asiyekataa: kuandikisha vizazi na vifo, leseni za mbwa, mabomba ya maji, wazee wanaostahili unga wa serikali. Alihamishwa Gantsi, akarudishwa. Akahamishwa Kasane, akarudishwa. Mume alimpata Gantsi, na mume akabaki huko huko Gantsi. Binti yao alikuwa mwalimu Gaborone, akipiga simu kila mwisho wa mwezi kuuliza kama mvua imenyesha. Mwaka uliopita Seipone alipewa cheti cha utumishi wa miaka ishirini na mitano. Mwandishi wa jarida la halmashauri akamuuliza anajisikiaje.

"Vizuri," akajibu.

"Ongeza kidogo basi, Mma. Wasomaji watataka kujua."

Seipone akafikiri. "Vizuri sana," akasema.

Tusimcheke. Hakuwa na maringo wala hakuwa anaficha kitu. Alitafuta ndani yake lile jambo analoulizwa, akakuta pametulia tu, pamefagiliwa, kama chumba cha mgeni ambaye haji. Aliamka, akaoga, akala uji wa mtama, akaenda ofisini, akarudi. Watu walipokufa aliwaandika. Watoto walipozaliwa aliwaandika pia, kwa kalamu ile ile.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, joto likiwa limekaa juu ya mabati, Tjiposa aliingia ofisini bila kubisha. Tjiposa alikuwa Mherero wa makamo, mwangalizi wa zizi la halmashauri, mtu wa utani kuanzia ukosi hadi visigino.

"Mma, nimekuletea wageni," akasema. "Tembo wamelala juu ya uzio wa kusini wakaugeuza mkeka. Ng'ombe wamepita kama wanaenda harusini. Kumi na nne."

"Wana vibali?"

"Walivisahau nyumbani. Nimewagombeza sana."

Seipone hakucheka, na Tjiposa hakutegemea acheke. Akavaa mabuti yake ya ofisi, akachukua daftari, wakaenda zizini. Aliingia katikati ya ng'ombe kama kawaida yake, bila haraka, akiwagusa ubavuni wageuke. Wa kwanza, dume jeusi. Wa pili, jike la kijivu lenye pembe moja. Aliandika bila kuinua kichwa. Mkono ulikuwa umeizoea kazi hata haukuhitaji msaada wake.

Kwa hiyo wa tisa mkono ulimwandika kabla Seipone hajamwona. Jike, mwekundu, uso mweupe. Sikio la kushoto limekatwa mkia wa mbayuwayu. Chapa: K, msalaba, M. Ndipo akainua kichwa, akaisoma tena kutoka ubavuni mwa ng'ombe, polepole, akifuata mistari kwa kidole hewani.

"Chapa za zamani hizo," alisema Tjiposa kutoka langoni. Utani ulikuwa umemtoka sautini. "Hazisomeki vizuri. Ningekuwa mimi mwandishi, ningeandika haisomeki."

"Inasomeka."

"Inasomeka ukitaka isomeke, Mma."

"Huyu ana umri gani?"

Tjiposa akatazama mbali, kwenye vumbi la barabara. "Miaka minne. Mitano kama amekula vizuri. Mimi meno ya mwanamke siyachungulii."

Seipone akafunga daftari. Chapa ile ilikuwa ya baba yake, na ng'ombe wa mwisho wa baba yake alikuwa amekufa miaka ishirini na sita iliyopita. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyemwandika.

Ulikuwa mwaka wa ugonjwa wa mapafu. Serikali ilisema ng'ombe wote wa wilaya wauawe ili wa nchi nzima wapone, ikafunga uzio upande wa kusini ng'ombe wasivuke, na ikatafuta makarani wa muda wa kuhesabu zizi kwa zizi kabla wapiga risasi hawajafika. Seipone alikuwa na miaka ishirini na miwili na hati nzuri ya mkono. Alipewa mabuti, kofia na karatasi za kujaza. Fidia ingelipwa kwa hesabu yake, kwa hiyo maelekezo yalikuwa makali: karani aingie zizini, awahesabu kwa macho yake mwenyewe, asikubali maneno ya mtu.

Akaingia mazizi arobaini na mawili. Wanaume walimwangalia vibaya, maana kwao mwanamke haingii zizi la ng'ombe, lakini wakampisha. Aliingia kama serikali, na serikali si mwanamume wala mwanamke. Alipofika zizi la arobaini na tatu, baba yake alikuwa amesimama langoni, mkono juu ya mti wa mlango. Hakumzuia. Alimtazama tu. Na Seipone, aliyelelewa kwa maziwa ya zizi lile na hakuwahi kutia mguu ndani yake, akashindwa. Akageuka, akaupa uzio wa miiba mgongo kama binti mwenye adabu, akafungua karatasi.

"Ni wangapi, Rra?"

"Thelathini na wanne," baba akasema nyuma yake.

Akaandika thelathini na nne, akatia sahihi chini ya maneno yaliyokwisha kuchapwa: nimewahesabu kwa macho yangu mwenyewe. Ndilo kosa pekee alilowahi kuifanyia kazi yake, na alilifanya kwa heshima. Wiki iliyofuata risasi zilisikika kutwa nzima, na yeye akasimama kwenye mtaro akiweka alama kwenye karatasi kila mzoga unapoburutwa. Wa baba yake walitimia thelathini na wanne. Siku hiyo kitu fulani ndani ya Seipone kilikaa chini, na hakikusimama tena.

Tangu hapo baba yake alizungumza naye kama watu wanavyozungumza dirishani kwenye ofisi. Asubuhi njema. Joto limezidi. Uji upo. Waliishi uani pamoja, nyumba mbili zinazotazamana, na baada ya mama kufariki walibaki wao wawili tu. Kijiji kizima kilimwita mzee Rra Seipone, yaani baba Seipone, kwa jina la binti, mzaliwa wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Alilibeba jina la binti kila mahali na binti mwenyewe hakumpa hata hadithi. Seipone aliona ni haki. Kalamu iliyowaandika ng'ombe wafe ilikuwa mkononi mwake, na mzee ana kinyongo. Alikizoea kinyongo hicho kama mtu anavyouzoea mguu mfupi.

Sasa kulikuwa na jike mwenye miaka minne zizini. Jike wa miaka minne ana mama. Mama naye ana mama. Karani hahitaji kuambiwa mengine.

Jumamosi asubuhi alimkuta mzee kivulini mwa nyumba yake, bakuli la maziwa ya mgando mapajani, akila kwa kijiko kikubwa. Alikuwa na miaka themanini na minne na mikono bado mipana. Seipone alikuwa anapitia ofisini, amevaa mabuti.

"Dumela, Rra."

"Dumela. Umekula?"

"Nimekula. Baba, zizini kuna ng'ombe. Jike mwekundu, uso mweupe. Sikio la kushoto mkia wa mbayuwayu. Chapa ni yako."

Kijiko kikaenda mdomoni, kikarudi. "Chapa yangu ilikufa."

"Iko ubavuni mwa ng'ombe wa miaka minne."

"Basi kuna mwizi wa chapa. Mkamateni. Nyinyi si ndio serikali?"

"Sikuulizi kwa serikali. Nakuuliza mimi."

"Wewe yupi?" Mzee akashusha macho hadi chini, akayatuliza pale. "Mimi hapa naona mabuti. Mabuti yameingia uani kwangu asubuhi yananihoji. Nikiyajibu mabuti, yatakwenda kumwambia nani?"

"Nitayavua."

"Hata ukiyavua. Mguu umeshachukua umbo lake."

Seipone alisimama palepale. Aliyatazama maziwa ya mgando. Wao hawakuwa na ng'ombe, na madukani maziwa kama yale hayauzwi. Kila mwezi yalifika kwenye dumu la plastiki, "kwa rafiki wa kusini," na kwa miaka yote hiyo yeye, mwenye kazi ya kuuliza kitu kimetoka wapi, hakuwahi kuuliza.

"Ulipitisha wangapi ng'ambo ya uzio?" akauliza.

"Ng'ombe wangu walikufa wote," mzee akasema bila kupandisha sauti. "Thelathini na wanne. Uliandika mwenyewe. Au uliandika vibaya?"

"Ukinyamaza Jumatano tatu watamuuza."

"Wamuuze. Aliyeuzwa hahojiwi." Akakwangua bakuli. "Nenda kazini, utachelewa."

Akaenda. Njiani mguu mmoja ulitangulia mwingine kama kawaida, na ni pale kwenye kibao cha halmashauri ndipo jambo lilipomfikia. Miaka ishirini na sita alidhani baba yake amemkasirikia. Hasira ni kitu cha nyumbani. Mtu hukukasirikia kwa sababu wewe ni wake. Kumbe haikuwa hasira. Mzee alikuwa akimwogopa. Alikuwa na mali iliyofichwa, na ndani ya ua wake mwenyewe alilala mtu mwenye daftari. Kila asubuhi njema na kila uji upo vilikuwa vya mtu anayempita askari barabarani. Seipone alisimama akingoja maumivu. Yalikuja kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi, vijisindano vichache, kisha kimya tena. Akafungua mlango wa ofisi.

Alikaa mezani akalipima shauri lote kama afisa. Kunyamaza kusingemwokoa mzee. Kabla ya mnada, orodha hupelekwa makao makuu ya wilaya, na makao makuu hutafuta kila chapa kwenye rejesta. Wangekuta Gabaake Moalosi, ng'ombe thelathini na wanne, wote wameuawa, fidia imelipwa, na sahihi ya karani chini. Wangetuma mtu ng'ambo ya uzio kuuliza wengine wako kwa nani. Huenda sheria ile ilikwisha kuzeeka ikasahaulika, huenda bado ina meno. Hakujua, na hakuwa na mtu wa kumuuliza bila kujifunua. Mzee wa miaka themanini na minne angeitwa mjini kujieleza. Pengine na yeye angeitwa, kwa ile sahihi, lakini hilo alilipita haraka, halikumgusa.

Ilibaki njia moja. Ng'ombe asiyesomwa hayupo. Asipokuwemo kwenye orodha ya Jumatano, hatakwenda makao makuu, na Alhamisi anaweza kurudi kwenye lile pengo la tembo kabla mafundi hawajalifunga. Seipone akachukua karatasi safi, akaandika orodha upya kwa mkono wake mzuri. Wa nane, kisha wa kumi. Namba ya tisa hakuiandika. Alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Miaka ishirini na sita hakuwahi kughushi hata tarehe.

Jumatatu alimwita Tjiposa.

"Alhamisi asubuhi utampeleka yule mwekundu kwenye pengo."

Tjiposa alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna maandishi. "Mma, uko salama? Nikuletee maji?"

"Utampeleka?"

"Nitampeleka. Nitamsindikiza kama bibi harusi." Alitaka kuongeza neno, Seipone aliliona limefika kooni. Likarudi. "Mma," alisema mlangoni, "pengine ungezungumza na mzee."

"Nimezungumza naye."

Jumatano ilifika na joto lake. Wanaume walikuja na viti vyao vya miguu mifupi, wakakaa nusu duara mbele ya Kgosi, chifu wa kijiji, mtu mnene mpole aliyerithi kiti kutoka kwa kaka yake. Wanawake walikaa chini upande wa kushoto, miguu imenyooshwa. Seipone alikuwa ameshasimama na karatasi yake alipomwona baba yake anaingia, kiti begani, fimbo mkononi. Katika miaka kumi na moja ya kusoma ng'ombe, mzee hakuwahi kuja kumsikiliza hata mara moja. Wakampisha. Akaweka kiti chake safu ya mbele, akakijaribu kwa mkono, akakaa.

"Anza, Mma," Kgosi akasema.

Akaanza. Dume jeusi lilikuwa la mjane wa Tshukudu, aliyelidai kwa kelele kana kwamba kuna anayembishia. Jike la pembe moja lilidaiwa na wanaume wawili, wakatukanana kwa adabu.

"Wewe hata mbuzi humjui wako, ng'ombe utamjulia wapi?"

"Namjua. Ameikimbia sauti yako, akanikimbilia mimi."

Kgosi akawaambia waende zizini, jike ataonyesha mwenyewe anayemfuata. Watu wakacheka. Wa tatu hadi wa saba hawakuwa na mtu. Walikuwa wa mbali, wenyewe wangekuja wiki ijayo wakisikia. Wa nane akasomwa mara tatu, akanyamaziwa.

"Wa kumi," akasema. "Dume, la kahawia—"

"Umeruka mmoja."

Haikuwa sauti kubwa. Alishusha karatasi. Baba yake alikuwa ameegemeza mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Rra?"

"Umeruka mmoja. Zizini wako kumi na nne. Nimepita asubuhi nikawahesabu. Umesoma wa nane, ukaenda wa kumi."

Kgosi alimtazama Seipone, kisha mzee, kisha Seipone tena, kama mtu aliyewekwa katikati ya milango miwili.

"Mma, umeruka?" akauliza kwa upole.

Angeweza kusema karatasi imekosewa. Angeweza kusema yule ni mgonjwa, ametengwa. Maneno yalikuwepo, ofisi haikosi maneno. Lakini mzee alikuwa akimtazama usoni, si miguuni, na ilikuwa miaka mingi tangu amtazame hivyo.

"Nimeruka, Kgosi."

"Basi msome."

Hakuwa naye kwenye karatasi. Alimsoma kwa kichwa. "Wa tisa. Jike, mwekundu, uso mweupe. Sikio la kushoto mkia wa mbayuwayu. Chapa, K, msalaba, M." Akavuta pumzi, akarudia. "Wa tisa. Jike, mwekundu—"

"Wangu," mzee akasema, akainuka. Iligharimu muda, maana magoti yalikuwa na habari zao. Hakuna aliyemshika mkono. Aliposimama wima akasema tena, kwa watu wote, "Huyo ni wangu."

Maswali ya fomu yanaulizwa hadharani, na hayamwachi mtu. Seipone alichukua kalamu.

"Jina la mwenye chapa?"

Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko. "Gabaake Moalosi," mzee akajibu. "Baba wa karani."

"Ng'ombe alikuwa akikaa wapi?"

"Ng'ambo ya uzio, kwa rafiki yangu. Anawachunga kwa maziwa, kila mwaka anapata ndama mmoja."

"Wako wengine wenye chapa hii?"

"Wako."

"Wangapi?"

"Hilo nilishakudanganya mara moja." Mzee akapangusa jasho kwa kiganja. "Mara ya pili sitaki. Sijui ni wangapi. Miguu yangu haifiki huko siku hizi. Waliotoka hapa walikuwa tisa, wiki moja kabla hujaja na karatasi zako. Wazuri wote. Ungegeuka ukatazama ndani ungewakosa kwa majina."

Seipone aliandika tisa. Kisha akangoja. Alijua kinachofuata, alikuwa amesimama mbele ya watu hawa muda wa kutosha. Wangeguna, wangepiga midomo, mtu angesema ala, kumbe. Kilikuwa kimefichuliwa kitu cha miaka ishirini na sita. Aliinua macho aupokee mshangao wao.

Haukuwepo. Bibi mmoja alikuwa akivuta ugoro wake. Wanaume walikuwa wanakaa vizuri vitini, kama watu waliobanwa kwenye gari safari ndefu na sasa limesimama.

"Rra Seipone," mmoja akauliza, "yule wa madoa bado anazaa?"

"Yule si alikufa mwaka wa ukame," mwenzake akamjibu kabla mzee hajafungua kinywa. "Binti yake ndiye mwenye madoa sasa. Huyu mwekundu ni wa tumbo lile lile."

"Hapana bwana, huyu ni wa upande wa yule kilema."

"Kilema hakuwahi kuzaa mwekundu!"

Wakabishana. Walikuwa wakibishana kuhusu ukoo wa ng'ombe ambao kwenye rejesta ya wilaya hawakuwahi kuwepo, na waliujua kama wanavyojua ukoo wa chifu. Pembeni, mlangoni, Tjiposa alikuwa ameinamisha kichwa akiihesabu mishono ya kofia yake. Seipone akamgeukia Kgosi, na swali lililomtoka halikuwa kwenye fomu.

"Mmejua tangu lini?"

Kgosi alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na kwa hilo watu walimpenda. "Tuliwaswaga pamoja, Mma," akasema. "Mimi nilikuwa kijana, ndiye niliyekuwa nyuma."

"Nyote?"

Yule bibi wa ugoro, jirani yao, rafiki wa mama yake tangu wakiwa wasichana, ndiye aliyefunga kikopo chake akasema, "Hata yule tuliyemla kwenye msiba wa mama yako alitoka kule, mwanangu."

"Niliandika ametolewa na mjomba."

"Uliandika ulichoambiwa." Bibi alisema hivyo kwa huruma kabisa. "Ni mama yako aliyesema. Alikuja nyumba kwa nyumba, tangu mwanzo. Asiambiwe mtoto, alisema. Akiambiwa itambidi aandike."

Baba yake alikuwa bado amesimama. Alitafuta kiti kwa mkono nyuma yake, akakaa. Seipone aliinama juu ya fomu. Kwenye sehemu ya mwisho akaandika: amepatikana mwenyewe. Akaweka tarehe, akatia sahihi. Mkono ulifanya kazi yake vizuri, mistari ilinyooka. Akachukua tena karatasi yake, akatafuta kwa kidole pale alipokuwa ameishia.

"Wa kumi," alitaka kusema. Midomo ilitengeneza neno na sauti haikuja. Akajaribu tena, haikuja. Watu walikaa vitini mwao wakamngoja, na hakuna hata mmoja aliyemhimiza.